Walinzi wa Ardhi katika Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Ifakara kwenda Mahenge hufika kwanza Kivukoni, mahali ambapo Mto Kilombero huikata njia yake. Kwa muda mrefu hapakuwa na namna ya kupita hapo ila kwa mtumbwi, na baadaye kwa pantoni. Masika yalipozidi mto ulitanuka, watu wakangoja ng'ambo na mizigo yao, na safari yenyewe haikukosa hatari. Mwezi wa Januari 2016 pantoni ilipinduliwa na dhoruba. Mwaka 2018 daraja lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa rasmi, na tangu hapo magari hupita bila kumngoja nahodha. Lakini jina la mahali halikubadilika. Watu wangali wakipaita Kivukoni, kwa kuwa kazi ya kuvusha ndiyo iliyopazaa, na kazi hiyo ilikuwa na wenyewe.

Insha hii ni juu ya wavushaji wa namna nyingine. Katika bonde hili wako watu ambao kazi yao ni kulinda ardhi, misitu, mito na wanyama, nao wameajiriwa katika mashirika ya hiari ambayo si ya serikali wala si ya biashara. Wengine ni wapimaji, wengine ni watunza miche, wengine ni waelimishaji wa vijiji, wengine ni walinzi waendao doria kwa miguu. Vitabu vya historia haviwataji. Vitabu hutaja sheria, mipaka, magavana, mawaziri na miradi, kisha hufunga mlango. Nia yangu ni kuonyesha ya kuwa historia ya kuhifadhi ardhi ya Kilombero haifahamiki vema kwa kusoma matangazo ya serikali peke yake. Tangazo lilipokosa mtu wa kulifikisha na kulieleza, lilikufa likingali jipya. Mtu naye alipokosa tangazo la kumtegemeza, jitihada yake ililiwa na wenye nguvu. Vitu hivi viwili vilipokutana, ndipo kipande cha ardhi kilipopona.

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Upande wa kaskazini na magharibi imesimama Milima ya Udzungwa, na upande wa kusini na mashariki nyanda za juu za Mahenge. Kati yake pana uwanda wa mafuriko wenye urefu wa kilomita zipatazo 250. Mito mingi hushuka kutoka milimani, hukutana uwandani, nao Mto Kilombero huyachukua maji hayo mpaka uonanapo na Luwegu, na hapo Rufiji huzaliwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili. Masika ardhi hugeuka ziwa. Kiangazi maji hurudi, yakaacha udongo mweusi ufaao mpunga, mabwawa yenye samaki, na majani mabichi. Majani hayo ndiyo malisho ya sheshe, swala wa maji ambaye idadi kubwa ya jamii yake ulimwenguni ilikuwa ikiishi hapa. Hapo Kivukoni penyewe, katika matete ya kando ya mto, Neil na Liz Baker walimwona mwaka 1986 mnana ambaye wataalamu hawakuwa na habari zake. Mwaka 1990 ndege huyo aliandikwa katika elimu ya viumbe kuwa aina mpya. Wavuvi wa mahali hapo walikuwa wamepita chini ya viota vyake maisha yao yote.

Wenyeji wa nchi hii, Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wengineo, walijifunza kuishi na mto unaokuja na kuondoka. Mpunga ulipandwa kufuata maji, na mlinzi wa shamba alikaa juu ya dungu usiku kucha kuwafukuza nguruwe, viboko na ndovu. Sisemi ya kuwa watu wa zamani walikuwa na hifadhi kwa maana ya leo, wala haifai kumsifu mzee kwa jambo ambalo hakulinuia. Ila ni kweli ya kuwa matumizi yao yalikuwa na mipaka iliyowekwa na mafuriko, na uchache wa watu, na maradhi, na kazi ya mkono. Walijua mahali pa kuvua na wakati wa kuacha. Ujuzi huo haukuandikwa mahali popote, na kwa hiyo watawala waliokuja baadaye waliihesabu ardhi isiyolimwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe.

Watawala hao walikuja na vita. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Wadachi iliyokuwa Mahenge. Vita vilipokwisha, njaa ilifuata, vijiji vingi vikavunjika, na pori likafunika mashamba yaliyoachwa. Pamoja na pori waliingia wanyama, na pamoja na wanyama walikuja mbung'o. Mwaka 1922, chini ya Waingereza, sehemu kubwa ya nchi iliyo mashariki ya bonde ilitiwa katika pori la akiba lililopewa jina la Selous, nalo likazidi kupanuliwa katika miaka iliyofuata. Mwanafunzi wa historia na akumbuke mfuatano huu: vita, njaa, pori, kisha hifadhi. Nchi ambayo mgeni aliiona kuwa ni nyika ya asili ilikuwa, katika sehemu nyingine, makaburi ya mashamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watu wa bonde waliona tena nguvu ya ramani iliyochorwa na mtu mwingine. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia, na serikali iliamuru waliotawanyika wakusanywe katika makazi makubwa ili mbung'o wapungukiwe na watu wa kuuma. Kazi hiyo iliongozwa na A. T. Culwick, ofisa ambaye mwaka 1935 alikuwa ametoa pamoja na mkewe kitabu juu ya Wabena wa bonde hili. Alikuwa mtu aliyeijua nchi kuliko maofisa wengi. Hata hivyo aliyekwenda nyumba kwa nyumba kumwambia mzee aache miembe yake hakuwa Bwana Culwick. Walikuwa wazee wa vijiji, matarishi na wauguzi. Wao walisikia matusi ambayo bwana hakuyasikia, na wao walibaki wakiishi na waliohamishwa. Hapo tunaona kwa mara ya kwanza sura ya mtu wa kati, ambaye hana mamlaka ya kutoa amri wala ruhusa ya kuikataa.

Baada ya hapo matangazo yalifuatana. Mwaka 1952 uwanda wa mafuriko ulifanywa eneo ambalo uwindaji wake hudhibitiwa. Kilimo na uvuvi havikukatazwa humo. Mnyama alilindwa kwa sheria, lakini nyasi alizokula na njia alizopita hazikulindwa. Mwaka 1955 msitu wa Magombera, ulioko uwandani kati ya Udzungwa na Selous, ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi mkubwa juu ya bonde lote la Rufiji, nao ulisema habari za mabwawa, umwagiliaji na mashamba makubwa. Mashamba ya miwa yakakua upande wa Kidatu. Kati ya 1970 na 1975 Reli ya Uhuru ilijengwa kupita katikati ya bonde, ikaleta stesheni, soko na watu. Kila jambo katika hayo lilikuwa na heri yake. Ila hapakuwa na daftari moja lililokusanya haja zote za ardhi ile ile, wala mtu aliyeajiriwa kuzisoma pamoja.

Yafaa tutaje mfano mmoja wa miaka hiyo ambao si wa ardhi lakini una fundisho kwetu. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu kutoka Basel katika Uswisi, alifika Ifakara kutafuta mahali pa kuchunguza maradhi ya nchi za joto, na mwaka 1957 maabara ndogo ilifunguliwa karibu na hospitali ya misheni. Mwaka 1961 kiliongezwa chuo cha kuwafundisha wasaidizi wa uganga wa vijijini. Watu wengi walitazamia ya kuwa kazi ya namna hiyo ingekwisha wageni wakirudi kwao. Haikwisha, kwa kuwa wenyeji walifundishwa kuifanya, kisha kuiongoza, na kizazi baada ya kizazi maabara ile ikakua hata ikawa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo sasa yajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Taasisi haikutegemea mtu mmoja mashuhuri. Ilitegemea wakamata mbu, wahoji wa kaya, makarani na mafundi ambao jina lao halikuandikwa juu ya jengo.

Sasa turudi Magombera, kwani msitu huo ni chuo kizima kwa atakaye kuelewa jambo letu. Reli ilipojengwa iliupasua. Mwaka 1979 Alan Rodgers na wenzake walitoa taarifa juu ya hali yake, wakaonyesha thamani ya miti na wanyama wake, hasa mbega mwekundu wa Udzungwa ambaye haishi mahali pengine duniani ila katika nchi hizi. Shauri lilikuwa msitu utiwe ndani ya Selous ili upate ulinzi ulio bora. Ili jambo hilo lifanyike, ilipasa uondolewe kwanza katika orodha ya misitu ya hifadhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaondolewa. Hatua ya pili haikufuata. Msitu ulitolewa katika daftari moja, na haukuandikwa katika daftari la pili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila ukurasa haukujazwa. Nguzo zikakatwa, kuni zikachukuliwa, mashamba yakasogea, na sehemu moja ikawa katika ardhi ya kampuni ya sukari.

Msitu huo ulikaa karibu miaka 40 bila ulinzi kamili wa sheria. Kwa nini haukumalizika wote? Jawabu halimo katika gazeti la serikali. Limo katika kazi ya watu waliokataa kuacha kuuhesabu. Watafiti, wenyeji na wageni, waliendelea kupima miti yake mwaka baada ya mwaka. Siku moja Andrew Marshall wa Chuo Kikuu cha York alimshtua nyoka aliyekuwa akila; nyoka alimtema kinyonga na kukimbia, na kinyonga huyo akaonekana kuwa wa aina isiyojulikana. Mwaka 2009 aliandikwa kwa jina la msitu wenyewe. Kisa hiki huchekesha, lakini wasaa wake ulikuwa mwema: msitu ambao serikali ilikuwa haina jina la kuuita ulipata jina katika vitabu vya elimu.

Jina peke yake lisingetosha. Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1985 na ambalo watu hulijua kwa kifupi TFCG, pamoja na wenzake wa ndani na wa nje, lilichukua kazi isiyo na kisa cha kusimulia: kukaa na vijiji vinavyouzunguka msitu, kuafikiana juu ya mipaka, kuzungumza na kampuni, kupeleka maombi wilayani, mkoani na wizarani, kungoja, na kuyapeleka tena. Mwaka 2019 hekta 2,615 za Magombera zilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Anayesoma tangazo hilo ataona tarehe na sahihi. Hataona vikao vilivyovunjika bila mapatano, wala mpimaji aliyerudi mara ya tatu kwa sababu jiwe la mpaka limeng'olewa.

Watu hawa ni nani, na siku zao hupitaje? Wengi wao ni vijana waliosoma misitu, wanyamapori au maendeleo ya jamii katika vyuo vya nchi hii, kama Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoko Morogoro. Wengine hawana shahada, ila wamezaliwa Mang'ula, Sanje au Ifakara na wanazijua njia. Wako wanaosia mbegu za miti ya asili na kutunza miche; wako waendao msituni kukata mimea itambaayo, maana msitu ulioumizwa husongwa nayo hata miti michanga isipate jua. Wako wanaohesabu nyani na mbega alfajiri. Yuko mhasibu ambaye ni lazima amweleze mfadhili aliye mbali kwa nini mkutano wa kijiji ulihitaji sufuria mbili za wali. Yuko dereva, ambaye mara nyingi huyajua mambo ya vijiji kuliko wote, kwa kuwa watu humwambia yeye yale wasiyomwambia ofisa.

Lakini kazi ya msingi hufanyika mkutanoni. Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na mambo makubwa hupelekwa mbele ya mkutano mkuu, ambao kila mtu mzima wa kijiji ana haki ya kuhudhuria na kusema. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 ikakiruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe na kuusimamia. Kwa hiyo mtumishi wa shirika hana mamlaka hata ya kukataza mti mmoja usikatwe. Anachoweza ni kusimama mbele ya wazee, akina mama na vijana, na kueleza. Akidanganya juu ya faida, atakumbushwa mwaka ujao. Akisema kweli juu ya hasara, huenda mkutano ukakataa. Mtu wa namna hii huishi kwa uaminifu wake kama mvuvi aishivyo kwa nyavu zake. Zikitoboka, hana kazi.

Tena hasara zipo, wala haifai zifichwe. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilipoanzishwa mwaka 1992, akina mama wa vijiji vya bondeni waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu kwa siku zilizowekwa. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Kwa mtaalamu, lilikuwa jambo la kuuponya msitu. Kwa mama mwenye chungu mekoni, lilikuwa jambo la jioni ile ile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mashirika yalitia bidii katika kupanda miti ya kuni mashambani na kufundisha majiko yatumiayo kuni kidogo, na kazi hiyo ina manufaa. Lakini mti huchukua miaka, na chungu hakingoji. Mwelimishaji aliyetumwa kueleza katazo hilo hakulitunga yeye, lakini uso wake ndio uliotazamwa.

Jaribu gumu kuliko yote ni habari ya ndovu. Zamani ndovu walipita bondeni kutoka Selous kwenda Udzungwa na kurudi, kwa njia ambazo wazee walizijua kwa majina. Watafiti waliozichunguza njia hizo katika miaka ya 2000 walionya ya kuwa zilikuwa zikizibwa upesi na mashamba, na miaka michache baadaye njia kuu za kaskazini mwa bonde zilikuwa zimezibika. Ndovu aliyefungiwa hageuki kuwa mnyama wa milimani. Hushuka usiku akala mpunga na miwa. Mkulima aliyelima msimu mzima huamka asubuhi hana kitu, na mara nyingine mtu hufa. Katika hali kama hiyo, mtu anayekuja kusema habari za haki za ndovu hana budi kuwa na moyo mgumu au hekima nyingi.

Shirika liitwalo STEP, ambalo tangu mwaka 2014 limeshughulika na ndovu wa kusini mwa Tanzania, pamoja na wakulima wa Mang'ula, lilijaribu njia ya hekima. Wakulima waliotaka wakatundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Waya ukiguswa, mizinga hutikisika. Mwenye shamba hupata ulinzi na asali pia. Uzio huo hauzuii ndovu wote, wala nyuki hawakubali kuishi katika kila mzinga, lakini umefanya jambo lingine lenye thamani: umewaketisha pamoja mkulima na mhifadhi katika kazi ya mikono, wakijadili nta na waya kabla ya kujadili mipaka. Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Baada ya kanuni za shoroba za wanyamapori kutolewa mwaka 2018, na baada ya mashauriano marefu, wakulima katika vijiji vya ushoroba wa Kilombero waliridhia kuachia vipande vya ardhi yao kwa fidia, ili njia ifunguliwe tena. Chini ya barabara ya Kidatu na Ifakara, ilipotengenezwa kwa lami, kulijengwa mahali pa ndovu kupita. Kwa namna hiyo bonde likapata kivuko cha pili, ambacho wasafiri wake hawalipi nauli.

Tulinganishe jambo hilo na yale yaliyotokea uwandani. Mwaka 2002 hekta 796,735 za bonde ziliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima. Ni heshima kubwa. Lakini heshima hiyo haikuwa na walinzi wa kutosha, wala haikuwa imeelezwa vema kwa waliokaa ndani yake. Wafugaji walikuwa wamekuja na ng'ombe wao, Wasukuma, Wamang'ati, Wamasai, na baadhi yao waliongezeka baada ya kuondolewa Usangu katika miaka ya 2006 na 2007. Mashamba nayo yalizidi. Hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha sheshe wakipungua sana. Mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa mifugo bondeni. Ng'ombe wengi waliondoka, na machungu mengi yakabaki, kwa kuwa aliyefukuzwa Usangu na kufukuzwa Kilombero hakuonyeshwa mahali ambapo hatafukuzwa. Baada ya muda ng'ombe walionekana tena. Nguvu iliweza kuondoa. Kazi ya kukaa na kupatana haikuwa imefanywa.

Hatua nyingine zilifuata, na nyingine zilikuwa za busara zaidi. Kati ya 2016 na 2019, katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, uliendeshwa mpango wa kupima ardhi ya vijiji na kuwapa watu hatimiliki za kimila. Mipaka ya kila shamba ilithibitishwa mbele ya majirani, na wanawake wengi wakaona jina lao juu ya hati. Mwaka 2023 sehemu ya uwanda iliyokuwa ya kudhibiti uwindaji ikapandishwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero, ambamo kilimo na malisho havina nafasi. Huu ni ulinzi wenye nguvu kuliko ule wa 1952. Kama utadumu au utafuata njia ya matangazo mengine ni jambo litakaloamuliwa na mipaka kule chini, mahali ambapo askari, mvuvi na mfugaji huonana.

Wako wasomi wanaoyashutumu mashirika haya, na shutuma zao zastahili kusikilizwa. Husema ya kuwa fedha zake hutoka ng'ambo na kwa hiyo hulinda kile kinachopendwa ng'ambo. Ya kuwa mradi huja na mwisho wake mfukoni, miaka mitatu au mitano, na ukiisha gari huondoka na ahadi hubaki. Ya kuwa mhifadhi huwa mkono laini wa dola ngumu. Siwezi kusema ya kuwa mashtaka hayo hayana ukweli. Ila nadhani yanaielekea zaidi ofisi kuliko watumishi. Mlinzi aliyeajiriwa kutoka kijiji kile kile hulima jirani na yule aliyemkamata, husali naye, humzika mamaye. Mradi ukiisha, yeye haondoki. Kwa hiyo kipimo cha haki cha shirika la namna hii ni kuuliza: siku fedha zitakapokoma, ni wangapi katika wenyeji watakaokuwa wamejua kupima, kuandika, kusoma sheria na kusimama mkutanoni? Maabara ya Ifakara ilijibu swali hilo kwa matendo. Mashirika ya ardhi bado yako katika mtihani.

Kuna jambo moja ambalo ni juu yetu sisi tunaoandika. Kumbukumbu za mikutano ya vijiji, madaftari ya doria, orodha za miche, barua zilizojibiwa na zisizojibiwa, yote haya yamo katika makabati ya ofisi ndogo za Mang'ula na Ifakara, yakingoja mchwa na mafuriko. Humo ndimo alimoandikwa mama aliyesimama akapinga mpaka usipite kisimani, na mzee aliyekubali kuachia nusu ekari. Madaftari hayo yakipotea, mwanahistoria wa kesho atabaki na matangazo peke yake: 1922, 1952, 1955, 2002, 2019, 2023. Atadhani ardhi ya Kilombero ilihifadhiwa, au iliharibiwa, na tarehe.

Tangu Desemba 2022 maji ya Kilombero yamekuwa yakijaza bwawa la umeme la Julius Nyerere katika Rufiji. Kwa hiyo taa iwakayo leo katika mji wa mbali ina deni kwa msitu wa Udzungwa na kwa matete ya Kivukoni, na kwa watu waliokesha ili visikatwe vyote. Deni hilo haliwezi kulipwa kwa sifa. Laweza kuanza kulipwa kwa mshahara usiokatika, kwa ardhi inayotolewa kwa ridhaa na fidia ya haki, na kwa kuandikwa katika historia ya nchi pamoja na wengine walioijenga.